Nukta Nyekundu Kwenye Shamba la Bibi

Bergen, Norwe
Februari

Mjomba wangu Apolinari,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo, nikaweka kalamu chini kidogo ili nikuachie nafasi ya kuitikia marahaba kwa ile sauti yako ya kukohoa. Sasa naendelea. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Goti la mama linamruhusu kupanda mpaka kanisani, au bado anasali akiwa kitandani? Njegere zimestahimili? Na wewe mwenyewe, kifua umekipeleka kwa daktari au unaendelea kukitibu kwa kukidharau? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi, na mvua ya huku inaninyeshea karibu kila siku bila kunichoka.

Usishtuke kupata karatasi wakati simu zipo. Ningeweza kupiga, na Prosper angepanda na simu yake mpaka kwenye lile jiwe lenye mtandao. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba maneno ya ardhi hayapitishwi kwenye simu, kwa sababu yanakatika katikati na aliyekatikiwa anayamalizia mwenyewe anavyotaka. Kwa hiyo nimeandika. Barua nimemkabidhi Yusufu, mwenzangu wa Turiani anayesoma huku, ambaye anakuja likizo. Ameahidi kuifikisha Mlali kwa mkono wake, na mwanao Prosper ataichukua hapo. Ndani yake kuna karatasi nyingine iliyokunjwa. Naomba usiifungue kwanza. Soma mpaka mwisho, au Prosper akusomee kama miwani bado imefungwa kwa uzi.

Mji huu ungekuchekesha, mjomba. Nyumba zimepanda mlimani kama kwetu, moja juu ya nyingine, na watu wanapanda ngazi wakihema kama sisi tukitoka mtoni. Wingu linashuka mchana kweupe na kufunika mapaa. Siku ya kwanza nilipoliona likishuka hivyo nilisimama barabarani na machozi yakanitoka, watu wakanipita kwa adabu kana kwamba hawakuona. Kisha nikatazama vizuri, nikagundua kwamba mlima mzima haulimwi. Jumapili wanaupanda, wanafika juu, wanakaa kidogo, wanashuka. Hawajabeba hata kabichi moja. Nilimwuliza mama mmoja ninayeishi naye nyumba moja walikuwa wamefuata nini huko juu, akaniambia walikwenda kutembea tu. Sikumwuliza tena.

Baridi nimeizoea, giza la majira haya ndilo linaloniumiza. Kuna wakati nakwenda kazini gizani na kurudi gizani, na katikati nimetazama kioo cha kompyuta tu. Maharage nayapata kwenye duka la Msomali mmoja, ingawa hayafanani na yetu, na hayaivi mpaka ufikirie kuyasamehe. Siku nyingine napika, nakula peke yangu, naongea Kiluguru na sufuria. Usimwambie mama hilo la sufuria.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Nilipojaribu kukueleza safari iliyopita ulisema basi nimekuwa mwewe, nawachungulia kutoka juu nikitafuta vifaranga. Hukukosea sana. Ofisi yetu inapokea picha za nchi zilizopigwa na setilaiti. Sisi tunakaa mbele ya kompyuta na kuchora kila paa, kila njia ya miguu, kila mto. Kisha programu inakadiria ni watu wangapi wanaishi chini ya mapaa hayo na wanatembea kwa muda gani kuifikia huduma. Ramani ikikamilika wanapelekewa wenzetu wa huko nyumbani wanaopanga mahali pa kujenga zahanati. Hawawezi kupanda kila mlima kuuliza hodi, kwa hiyo wanaanza kwa kutazama ramani. Ambaye hayumo kwenye ramani hawamchukii. Hawajui tu kwamba yupo.

Milima yetu ilichelewa sana kuchorwa, na sababu ni mawingu. Picha nyingi za Uluguru ni nyeupe tupu, utadhani mtu amemwaga maziwa. Tulisubiri mpaka ikapatikana picha moja ya kiangazi, siku ambayo anga ilifunguka. Kazi ilipogawanywa, kipande hicho kikaangukia kwangu bila mtu kujua natoka wapi. Nikaiona njia inayopanda kutoka Mlali. Nikaifuata kwa kidole kwenye kioo, kona kwa kona, mpaka nikaliona paa la kanisa, na chini yake kidogo lile turubai la bluu ambalo mama amelifunikia jiko. Nilikaa nikilitazama mpaka Solveig, msimamizi wangu, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimefika nyumbani.

Nilichora nyumba zote kwa mkono wangu. Za bati zinang'aa, hizo ni rahisi. Za nyasi zinafanana na udongo, na mtu asiyezijua angezipita. Programu nayo ilikuwa imejaribu kabla yangu, na ilikuwa imelihesabu banda la nguruwe la Prosper kuwa nyumba ya familia. Mwambie kwamba kwa muda fulani nguruwe wake walikuwa raia kamili. Nikawafuta, kwa masikitiko.

Lakini kulikuwa na kosa jingine, na hilo halikunichekesha. Ili ihesabu watu, programu inagawanya nchi vipande vipande, na mipaka ya vipande inaipitisha kwenye mito. Kwenye nchi tambarare hiyo ni sawa. Mto mpana unatenganisha watu, huku kabila hili na kule lile, kuvuka ni mpaka mtumbwi. Basi na kwetu ikafanya vivyo hivyo. Ikapitisha mstari kwenye kijito chetu, sisi ikatuweka kipande kimoja na watu wa Ng'ambo kipande kingine, kana kwamba hatujuani. Halafu sisi ikatuunganisha na watu wa nyuma ya mgongo wa mlima, ambao mimi nimewaona sokoni tu.

Wewe hapo utakuwa umeshacheka. Kijito chetu mtoto anakiruka. Asubuhi wanawake wa pande zote mbili wanakutana hapo na ndoo zao, na habari zote za bonde zinaanzia hapo. Msiba ukitokea Ng'ambo tunaitwa kwa sauti kutoka mteremko mpaka mteremko, na jembe tunaliacha shambani. Kwetu mto ndio unaotukutanisha, na mgongo wa mlima ndio unaotutenga na wengine. Mashine haikujua. Na kwa sababu haikujua, ikaona huku kuna watu wachache, na kule wachache, na pande zote mbili ikaziandikia jibu moja, kwamba hawatoshi kujengewa chochote, watembee mpaka Mlali.

Niliposoma hivyo nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Nikaenda kwa Solveig na maneno mengi. Yeye si mtu mbaya, mjomba, anasikiliza mpaka mwisho na hakatizi. Nilipomaliza akasema kwamba kila mtu angependa zahanati ijengwe kwao, naye hamlaumu mtu kwa hilo, lakini nimwonyeshe kwenye picha na si kwenye moyo wangu. Nikatoka nimekunja uso. Nikarudi kwenye picha kutafuta sauti za watu wanaoitana msibani, na sauti hazionekani kutoka juu.

Njia ndizo zilizoniokoa. Nilizichora njia zote za miguu za bonde letu, hata zile nyembamba kama uzi, na zilipokamilika nikaona kitu ambacho nimekikanyaga tangu utoto bila kukiona. Zote zinashuka mtoni. Zinatoka kwetu na zinatoka Ng'ambo, zinakutana kwenye vile vivuko vya magogo, zinapanda upande wa pili. Zinazovuka mgongo wa mlima ni haba, na zimefifia. Nikamwita Solveig nikamwonyesha. Alizifuata kwa kidole, kisha akauhamisha mstari yeye mwenyewe, akautoa mtoni na kuupandisha mgongoni mwa mlima. Siku hiyo nilitembea kurudi nyumbani bila kufunua mwavuli.

Sasa sogeza kiti, maana hapa ndipo penye neno.

Bonde lilipohesabiwa kuwa moja, watu wakatosha. Programu ikatafuta mahali pa kuweka zahanati, yaani mahali ambapo watu wa pande zote wanafika bila kuchoka sana, pasiwe na mteremko unaoporomoka, pasiwe bondeni penye mafuriko. Ikatafuta, ikaweka nukta nyekundu. Nilifurahi kwa muda ule tu wa kuisogeza picha karibu nione ni wapi. Ni kwenye Mgunda wa Bibi.

Sikuamini, nikarudia hesabu. Nikabadilisha hiki na kile. Nukta ikarudi palepale, kwenye shamba letu la ukoo, uwanda pekee wa bonde zima, pale ambapo mtu anaweza kuweka boga chini na lisibingirike. Nikaiambia itafute mahali pengine, ikanipeleka nje ya bonde, nyuma ya mlima. Ndani ya bonde letu hakuna pengine.

Najua shamba lile ni nini kwako. Mama alinisimulia mara nyingi, tukiwa tunachambua maharage. Bibi alikuwa akilima mteremko wa juu na mtoto mgongoni, akateleza, wakabingirika wote wawili mpaka kwenye migomba, na mtoto huyo ulikuwa wewe. Kovu la juu ya jicho lako limetoka huko. Bibi alipopona akaweka neno, kwamba uwanda ule usiwe wa mtu mmoja, upewe mwanamke wa ukoo aliyejifungua karibuni, aulime mpaka mzazi mwingine apatikane, ili asipande mteremko na kichanga mgongoni. Babu mdogo alilishika neno hilo, na tangu wewe uwe mndewa wetu, mkuu wa ukoo, umelishika bila kuyumba hata mara moja. Mama aliulima mimi nikiwa mgongoni. Labda ndiyo maana nikiona nchi tambarare usingizi unanijia.

Kwa hiyo sikuandikii kama mtu asiyejua anachokigusa. Ningeweza kuiondoa nukta ile. Programu inaruhusu. Kuna mahali pa kuandika kwamba ardhi fulani haifai, neno moja tu, na hakuna mtu huku ambaye angeuliza kwa nini. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe hicho siku nzima. Nilijiambia kwamba shamba la wazazi si mali yangu kuligawa, mimi ninayekula maharage ya dukani. Kisha nikajiambia kwamba hata kulificha si kazi yangu. Nikaondoa kidole.

Maana nilimfikiria Kolumba. Wewe ulikuwepo, mimi nilikuwepo, hakuna haja ya kukukumbusha, lakini nitakukumbusha. Wanaume walimbeba dada yangu kwa machela ya miti na magunia, mvua inanyesha, wanapokezana kila kona. Tulikuwa tunamwambia Mlali ni karibu, na hapakuwa karibu. Mtoto alizaliwa kwenye lile jiwe ambapo wabeba kabichi wanapumzikia. Alilia kidogo. Mama alimvua shangazi kanga yake kavu akamfunika nayo, na tulipofika chini tulikuwa tunashusha mzazi peke yake.

Msimu ulipofika uligawa shamba. Yustina, binti wa mama mdogo, alikuwa amejifungua salama, ukampa yeye. Ndivyo neno la Bibi linavyosema, mzazi mwenye mtoto, na wewe hukuwa na njia nyingine. Nilikuona ulivyosimama umemgeuzia Kolumba mgongo wakati ukilisema, nikajua nawe linakuchoma. Yeye alisema asante mjomba, kama wengine, akachukua jembe lake akapanda mteremko wa juu. Sijamsikia akilizungumzia shamba lile tangu siku hiyo, mpaka nilipompigia juzi.

Nilimpigia kabla ya kukuandikia, mjomba, nisamehe kwa kuruka ngazi. Nilifanya hivyo kwa sababu yeye ndiye atakayepoteza. Mnajua kwamba ni mjamzito tena. Mungu akijalia, safari hii zamu ni yake, na uwanda aliousubiri ndio huohuo ulioangukiwa na nukta yangu. Zahanati haitajengwa kabla hajajifungua, hata wakianza kesho, na hilo nilimwambia wazi, nisimdanganye. Yeye kwa mtoto huyu itabidi ashuke Mlali mapema akae kwa shangazi, na nakuomba umruhusu kabla masika hayajaharibu njia, hata kama kuna palizi. Kwa hiyo atalitoa shamba lake kwa ajili ya wanawake watakaokuja baada yake.

Aliniomba nirudie ni wapi hasa, nikarudia. Kisha akasema, "Mimi lile shamba nimelitamani mpaka nikaona haya, Skola. Lakini si ni la wazazi? Sasa wakija kuzalia palepale, litakuwa limeacha kuwa lao?"

Nimekuletea swali lake jinsi lilivyo.

Huenda utasema kwamba zahanati inaweza kuchelewa, na tukajikuta hatuna shamba wala zahanati. Inawezekana. Nimeona ramani nzuri zikilala kwenye makabati. Huenda utasema kwamba leo wataomba uwanda, kesho wataomba barabara ya kufikia uwanda, na njegere zako ziko njiani. Hilo nalo linawezekana. Na huenda utauliza mzazi atalima wapi. Nimelifikiria hilo nikitembea kwenye ngazi za huku, na nimeona labda sisi tulio na migongo mitupu tuwalimie, lakini mimi niko mbali, kwa hiyo ni rahisi kwangu kusema. Ninachojua ni kwamba watu wa mipango watakuja kwako, wakae kwenye benchi lako, wakuombe. Ardhi ni ya ukoo na kauli ni yako. Sikutaka uisikie habari hii kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni mwenye kishikwambi.

Nisalimie mama sana, mwambie soksi alizonifumia zimekuwa mjadala ofisini. Msalimie shangazi wa Mlali na umwandae kupokea mgeni. Prosper msalimie pamoja na raia wake wa bandani. Mama mdogo na Yustina wasalimie, na kile kichanga cha Yustina, ambacho nasikia sasa kinatembea na kuiba mayai. Kaka yangu Deo, akipanda kutoka kwenye mpunga wa Dakawa, mwambie naona majaruba yao kwenye picha na naona pia nani hakupalilia.

Sasa fungua karatasi ile. Hilo ni bonde letu. Mistari myembamba ni njia, vijumba vidogo ni sisi, nami nimekiandikia kila kitongoji jina lake. Nukta nyekundu unaiona. Haina jina, kwa sababu kuipa jina si kazi yangu. Ukikubali, chukua kalamu, andika jina unalotaka paitwe, Prosper aipige picha anitumie. Ukikataa, ikate kwa mstari, nami nitaandika haifai, na sitakuuliza sababu, wala heshima yangu kwako haitapungua.

Ombi langu ni moja tu, mjomba. Ukiikata, mwite kwanza Kolumba, akae mbele yako, uikate akikutazama.

Mimi mpwa wako niliyebebwa kwenye uwanda ule,
Skolastika